Gari Lililosubiri Betri

Tarehe 29 Aprili 1899, kwenye barabara iliyonyooka ya Achères, nje kidogo ya Paris, Mbelgiji mwenye ndevu nyekundu aitwaye Camille Jenatzy alipanda chombo chenye umbo la kombora kilichowekwa juu ya magurudumu manne. Alikaa juu mno, kiwiliwili chote nje, akipigwa na upepo kama mtu aliyepanda farasi. Wapima saa walipomaliza hesabu zao, ilionekana amekwenda kwa mwendo wa kilomita 105.88 kwa saa. Kabla ya siku hiyo hapakuwa na binadamu aliyeendesha gari kwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Gari lenyewe, La Jamais Contente, halikutoa moshi. Lilikuwa gari la umeme.

Mpinzani wake naye alitumia umeme. Gaston de Chasseloup-Laubat, mwana wa ukoo wa kikabaila wa Ufaransa, ndiye aliyeweka rekodi ya kwanza kabisa ya mwendo kasi wa gari, kilomita 63.15 kwa saa, Desemba 1898. Kwa miezi kadhaa wawili hao walipokezana rekodi palepale Achères, huku magari ya petroli yakiwa hayana la kusema. Mwaka 1902 rekodi ilipoangukia kwa mtu mwingine, Léon Serpollet, gari lake lilikuwa la mvuke.

Leo gari la umeme linauzwa kama kitu kipya kilichoshuka jana. Ukweli ni kwamba lilikuwa barabarani kabla ya petroli kutawala, likapendwa, likauzwa, kisha likatoweka kwa muda wa maisha ya mtu mzima. Mota yake haikuwa na kasoro kubwa. Wateja walikuwapo. Kilichokosekana ni chombo cha kubebea umeme wenyewe, na historia yote ya gari hili ni historia ya betri na ya watu walioishika mkononi.

Alessandro Volta wa Italia alitangaza betri yake mwaka 1800, sahani za zinki na za shaba au fedha zilizopangwa kwa zamu na kutenganishwa kwa vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi. Ilitoa umeme, lakini ikiisha imeisha. Ilibidi kungoja hadi 1859, Mfaransa Gaston Planté alipozamisha sahani za risasi ndani ya asidi na kupata betri inayoweza kuchajiwa tena na tena. Mwaka 1881 Camille Faure akazipaka dawa sahani hizo kwa namna iliyoongeza uwezo wake wa kutunza umeme, na mwaka huohuo Gustave Trouvé aliendesha baiskeli ya magurudumu matatu yenye mota katika mitaa ya Paris. Betri ya aina hiyo ya Planté ndiyo bado inayowasha injini za daladala na malori mpaka leo.

Ubaya wake ni uzito. Lita moja ya petroli ina nishati inayolingana na karibu uniti tisa za umeme, zile uniti ambazo mteja wa LUKU, umeme wa kulipia kabla nchini Tanzania, ananunua kwa simu. Betri ya risasi, hata iliyotengenezwa leo kwa ustadi, huhitaji takribani kilo 30 kubeba uniti moja tu. Ni kweli kwamba injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto, wakati mota ya umeme hugeuza karibu yote kuwa mwendo. Hata ukilipatia gari la umeme faida hiyo yote, bado pengo ni kubwa kiasi kwamba mhandisi wa mwaka 1900 hakuwa na njia ya kuliziba. Angeweza kuongeza betri, lakini kila betri aliyoongeza ilitumia sehemu ya nguvu zake kujibeba yenyewe.

Hata hivyo, mjini pengo hilo halikuuma sana. Safari za mjini ni fupi. Mwaka 1897 Walter Bersey alianzisha teksi za umeme London, nyeusi na njano, na kwa sababu ya mlio wao wa chini watu wakaziita jina la ndege mdogo anayevumisha mabawa. Septemba ya mwaka huo dereva mmoja wa teksi hizo aliingia kwenye historia kwa aibu: alikuwa mtu wa kwanza Uingereza kutiwa hatiani kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Teksi za Bersey hazikudumu. Betri zao nzito zilikula matairi na kuharibika kwa kutikiswa barabarani, na kufikia 1899 kampuni ilikuwa imefungwa.

Ng'ambo ya Atlantiki wazo lilikwenda mbali zaidi. Henry Morris na Pedro Salom, waliokuwa wametengeneza gari lao la umeme Philadelphia mwaka 1894, walipeleka teksi New York, na kazi yao ikachukuliwa na kampuni iliyojulikana kama Electric Vehicle Company. Badala ya kuacha teksi zisimame saa nyingi zikichajiwa, kampuni ilijenga kituo Broadway ambako teksi iliingia, betri yake yenye uzito wa mamia ya kilo ikavutwa nje kwa mtambo, nyingine iliyojaa ikaingizwa, na dereva akarudi kazini baada ya dakika chache. Teksi hailali na njaa. Abiria hajui hata kilichofanyika.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kituo kile ni miongoni mwa fikra za mbele kabisa katika historia ya usafiri. Kilishindwa kwa mambo mengine: matajiri walioinunua kampuni walikuwa na haraka ya kuuza hisa na kuhodhi teksi za miji mingi, matunzo ya betri yakazembewa, sifa ikaharibika, na mwaka 1907 kampuni ikafilisika. Fikra yenyewe ikalala. Itaamka baadaye katika miji ambayo wahandisi wale hawakuwahi kuiwazia.

Mwaka 1900 mambo yalikuwa bado hayajaamuliwa. Marekani ilitengeneza magari 4,192 mwaka huo. Ya mvuke yalikuwa 1,681, ya umeme 1,575, na ya petroli 936 tu. Mtu mwenye akili timamu angeweka fedha zake kwenye umeme bila woga.

Gari la petroli la wakati ule lilikuwa na tabu zake. Kuliwasha kulihitaji mtu asimame mbele na kuzungusha mpini wa chuma kwa nguvu, na injini ikirudisha mkono vibaya, mpini ulivunja mfupa. Lilinuka, lilitetemeka, gia zake zilihitaji mtu mwenye misuli. Gari la umeme liliwashwa kwa swichi. Kwa hiyo watengenezaji walilitangaza kwa wanawake wa mjini wenye uwezo, na kampuni ya Anderson ya Detroit, iliyouza magari ya jina la Detroit Electric kuanzia 1907, ilipata soko zuri kwao. Clara Ford, mkewe Henry Ford, aliendesha Detroit Electric wakati mumewe akimwaga mamia ya maelfu ya magari ya petroli kutoka kiwandani kwake. Tangazo hilo la gari la wanawake lilisaidia na likadhuru, maana wanaume wengi hawakutaka kuonekana ndani ya chombo kilichopewa sifa hiyo.

Thomas Edison aliamini tatizo ni betri, na aliamini atalitatua. Akaacha risasi na asidi, akaelekea kwenye nikeli na chuma. Maabara yake ilifanya majaribio kwa maelfu. Betri ya kwanza iliingia sokoni mwanzoni mwa karne, ikaanza kuvuja na kupoteza nguvu, Edison akaiondoa na kurudi maabara kwa miaka mingine kadhaa. Ile iliyotoka karibu na 1910 ilikuwa imara ajabu, na baadhi ya betri hizo zilidumu miongo mingi. Lakini ilikuwa ghali, na ilidhoofika kwenye baridi, jambo zito kwa nchi yenye majira ya theluji. Mwaka 1914 Ford na Edison walitangaza kwamba wanaandaa gari la umeme la bei nafuu pamoja. Magari ya majaribio yalitengenezwa, na mradi ukafia hapo.

Wakati Edison akihangaika na nikeli, mambo manne yalikuwa yakitokea nje ya maabara yake. Januari 1901 kisima cha Spindletop kule Texas kilirusha mafuta angani na kuonyesha kwamba Marekani imekalia bahari ya petroli. Mwaka 1908 Ford alianza kuuza Model T kwa dola 850, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 toleo la bei ya chini kabisa lilikuwa dola 260, wakati Detroit Electric iliuzwa kwa zaidi ya dola 2,000. Barabara zikapanuka kutoka mji hadi mji, na mtu aliyetaka kwenda kijijini hakukuta umeme huko, ila dukani kwa muuza vifaa vya shamba alipata galoni ya petroli.

La nne ndilo lenye uchungu zaidi. Mwaka 1912 Cadillac ilitoka na stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering. Mpini wa chuma ukawa hauna kazi. Kitu kilichoondoa tabu kubwa ya gari la petroli kilikuwa mota ndogo ya umeme na betri ya risasi. Umeme ulimpa mshindani wake silaha ya mwisho.

Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia gari la umeme lilikuwa limekwisha kama gari la watu. Detroit Electric iliendelea kuuza machache machache hadi 1939, ikiwa imetengeneza takribani 13,000 kwa jumla. Uingereza ilibaki na magari ya kusambaza maziwa alfajiri, maelfu kwa maelfu, kwa sababu muuza maziwa husimama kila mlango na wateja wake bado wamelala. Na kuna magari matatu ya umeme ambayo yapo mwezini mpaka sasa. Wanaanga wa Apollo 15, 16 na 17 waliyaendesha kati ya 1971 na 1972, yakitumia betri za fedha na zinki zisizochajiwa, wakayaacha palepale. Mahali pasipo hewa, injini ya petroli haiwezi hata kuwaka.

Kilichorudisha gari la umeme mezani ni vita ya Mashariki ya Kati ya Oktoba 1973 na hatua ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta. Foleni za vituo vya petroli Marekani zilizaa vigari vya umeme vya ajabu ajabu kama CitiCar ya Florida, kidogo, chenye umbo la kipande cha jibini, kikitumia betri zilezile za risasi. Lakini hofu ya mafuta kupungua ilikuwa tayari imezaa kazi ya kimyakimya iliyokuja kubadilisha dunia, na ilianzia ndani ya kampuni ya mafuta.

Exxon, ikihofia siku ambayo mafuta yatapungua, ilimwajiri Mwingereza Stanley Whittingham, naye akaunda betri ya kuchajiwa inayotumia lithiamu. Lithiamu ndiyo metali nyepesi kuliko zote. Shida ni ukali wake: lithiamu tupu hushika moto kwa urahisi, na maabara ya Whittingham ilipata kuungua. Bei ya mafuta iliposhuka, Exxon ikapoteza hamu.

Oxford, John Goodenough na wenzake, akiwemo Koichi Mizushima kutoka Japani, walipata mwaka 1980 kwamba oksaidi ya kobalti ina matabaka ambayo chembe za lithiamu zinaweza kuingia na kutoka bila kuyabomoa, na kwamba betri ya namna hiyo inatoa volti kubwa kuliko ile ya Exxon. Chuo Kikuu cha Oxford hakikuona haja ya kuilipia hataza. Karibu na wakati huo, Grenoble nchini Ufaransa, Mmoroko Rachid Yazami alionyesha kwamba kinywe, yaani madini yaleyale meusi ya ndani ya penseli, kinaweza kupokea lithiamu upande wa pili wa betri. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa kampuni ya Asahi Kasei huko Japani aliunganisha kobalti upande mmoja na kaboni upande mwingine, akaondoa kabisa lithiamu tupu, na hapo hatari ikapungua. Mwaka 1991 Sony ikaiuza. Ilikuwa kwa ajili ya kamera za video.

Tuzo ya Nobel ya kemia ilikuja 2019 kwa Whittingham, Goodenough na Yoshino. Goodenough alikuwa na umri wa miaka 97, mzee kuliko mshindi yeyote wa Nobel kabla yake. Yazami hakuwamo, ingawa mwaka 2014 alishiriki tuzo ya Draper, mojawapo ya tuzo kubwa za uhandisi, pamoja na Goodenough na Yoshino. Mwana wa Afrika huyu anastahili kutajwa kila betri ya lithiamu inapotajwa.

General Motors (GM) haikusubiri lithiamu. Mwaka 1990 ilionyesha gari la majaribio Los Angeles, na miezi michache baadaye bodi ya California ya kusimamia usafi wa hewa ikaamuru kwamba kufikia 1998 asilimia 2 ya magari mapya ya watengenezaji wakubwa yasiwe na moshi kabisa. Matokeo yakawa EV1, gari la viti viwili, laini kama samaki, lililoingia mitaani mwishoni mwa 1996. Halikuuzwa. Mteja aliweza kulikodi tu. Toleo la kwanza lilikuwa na betri za risasi. La pili, la 1999, lilipewa betri za nikeli zilizotokana na uvumbuzi wa Stanford Ovshinsky, na likaenda mbali zaidi kwa chaji moja. Jumla yalikuwa 1,117.

Waliolikodi walilipenda kwa mapenzi ya kweli. Lakini GM na kampuni nyingine zilipambana na amri ya California mpaka ikalegezwa, na kuanzia 2003 GM iliyakusanya magari yote na kuyasaga, ikabakiza machache yaliyopelekwa kwenye makumbusho na vyuo yakiwa yamezimwa. Julai 2003 wapenzi wa EV1 walifanya mazishi makaburini Hollywood. Mwaka 2005 wengine walikesha nje ya uwanja wa GM huko Burbank wakiomba kuuziwa magari 78 ya mwisho. Hawakuuziwa. Wakati huo GM ilikuwa imekwisha kuuza hisa zake katika kampuni ya betri hizo za nikeli kwa Texaco, kampuni ya mafuta. Sababu za kifo cha EV1 zinabishaniwa mpaka leo: gharama, soko dogo, woga, mafuta. Uamuzi wa kusaga magari mazima mbele ya watu waliokuwa tayari kuyanunua ulikuwa kosa kubwa la kibiashara, na ulijibiwa haraka kuliko GM ilivyodhani.

Jibu la kwanza lilitoka Ulaya ya kaskazini, na lilikuwa limeanza zamani kidogo. Mwaka 1989 wanamuziki wawili wa kundi la a-ha la Norway, pamoja na mwanaharakati wa mazingira Frederic Hauge, waliingiza nchini Fiat Panda iliyogeuzwa kuwa ya umeme, wakawa wanapita vituo vya kulipia barabara bila kulipa. Faini zikarundikana, gari likakamatwa na kupigwa mnada, wao wakalinunua tena na kuendelea. Katika miaka ya 1990 serikali ikaanza kuyasamehe magari ya umeme kodi ya kuingiza na ada za barabara. Mwaka 2024 karibu magari mapya 89 kati ya kila 100 yaliyouzwa Norway yalikuwa ya umeme tupu. Nchi hiyo ni muuzaji mkubwa wa mafuta na gesi.

Jibu la pili lilitoka California yenyewe. Alan Cocconi, mmoja wa wahandisi waliotengeneza gari la majaribio la GM, alikuwa amejenga gari dogo la kasi liitwalo tzero, na mwaka 2003 gari hilo likatolewa betri za risasi na kuwekewa maelfu ya seli ndogo za lithiamu, zilezile za kompyuta za mapajani. Mwaka huohuo Martin Eberhard na Marc Tarpenning wakaanzisha Tesla Motors wakiwa na wazo hilo. Elon Musk aliingia 2004 kama mwekezaji mkuu. Roadster ya 2008 ilikuwa na seli 6,831 na ilikwenda karibu kilomita 390 kwa chaji moja. Kwa mara ya kwanza tangu Jenatzy, gari la umeme lilikuwa kitu cha kutamaniwa na vijana.

Lakini Wachina walianzia betri yenyewe. Wang Chuanfu, mkemia, alifungua BYD Shenzhen mwaka 1995 kutengeneza betri za simu. Mwaka 2003 alinunua kiwanda kidogo cha magari, na wawekezaji wake walikasirika. Alijua jambo moja ambalo viwanda vya magari vya Detroit havikulijua: kwenye gari la umeme, anayetengeneza betri ndiye anayetengeneza gari, waliobaki hukunja mabati. Serikali ya China ikamwaga fedha kwenye sekta hiyo. Kufikia mwisho wa 2017 Shenzhen ilikuwa na mabasi 16,359, yote ya umeme. Machi 2022 BYD iliacha kutengeneza magari yanayotumia petroli peke yake. Gharama ya betri, iliyokuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti moja ya uwezo mwaka 2010, ilishuka hadi wastani wa dola 115 mwaka 2024. Mwaka huo dunia ilinunua zaidi ya magari milioni 17 ya umeme na ya mseto yanayochajiwa, zaidi ya gari moja katika kila matano mapya.

Hapa habari hii inaingia kwenye ardhi inayozungumza Kiswahili.

Kobalti ya Goodenough inatoka wapi? Sehemu kubwa kabisa, zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, inatoka Kongo, kwenye ukanda wa shaba unaopita Lubumbashi, Likasi, Tenke Fungurume na Kolwezi. Ni eneo lilelile ambalo Union Minière ya Wabelgiji ilianza kulichimba mwanzoni mwa karne ya 20, na ambalo tangu 1967 lilimilikiwa na Gécamines ya serikali mpaka migodi ikaanza kuuzwa. Mwaka 2016 hisa nyingi za mgodi wa Tenke Fungurume zilipita kutoka kwa Wamarekani wa Freeport kwenda kwa China Molybdenum kwa dola bilioni 2.65. Mwaka huohuo, Januari, Amnesty International ilitoa ripoti iliyoonyesha watoto wakichimba, wakiosha na kubeba mawe yenye kobalti. Pembeni ya migodi mikubwa yenye mitambo, wachimbaji wadogo kwa makumi ya maelfu huingia mashimoni kwa sururu na kamba, wanauza kwa gunia, na mnunuzi ndiye anayepanga kipimo na bei. Mashimo huwafukia. Kuandika kuhusu gari safi bila kuwataja watu hawa ni kuandika nusu ya habari.

Kinshasa imejaribu kuishika kamba. Sheria ya madini ya 2018 ilifungua njia ya kutoza mrabaha wa asilimia 10 kwa kobalti. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilisaini makubaliano ya kutengeneza malighafi za betri nyumbani. Februari 2025, bei ikiwa imeporomoka, Kongo ilisimamisha kabisa usafirishaji wa kobalti, ikaongeza muda, kisha Oktoba ikaingia kwenye mfumo wa mgao. Kuna kitu kimoja ambacho mgao hauwezi kukizuia, nacho ni kemia. Mwaka 1997 kundi la Goodenough, wakati huo yuko Texas, lilitangaza betri inayotumia fosfati ya chuma badala ya kobalti. Ni nzito kidogo, lakini ni salama, nafuu na hudumu, na ndiyo ambayo BYD na viwanda vingine vya China vimeikuza mpaka ikashika sehemu kubwa ya magari yao. Wachimbaji wa Kolwezi wanaweza kuishi kuona jiwe lao likipungua thamani kabla halijawajengea chochote. Kinywe, kwa upande wake, bado kinahitajika ndani ya betri zote mbili, na Mahenge, wilayani Ulanga nchini Tanzania, pana hazina kubwa ya madini hayo.

Barabarani, Afrika Mashariki ilianza mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Novemba 2011 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere walizindua Kiira EV, gari la umeme la viti viwili walilolijenga Kampala, na Februari 2016 wakaonyesha Kayoola, basi lenye paneli za jua juu ya paa. Nairobi, kampuni ya BasiGo iliingiza mabasi ya BYD kwenye njia za matatu mwaka 2022. Mpango wake wa awali ulimpa mwenye matatu basi kwa bei isiyo na betri, akawa analipia betri na chaji kwa kila kilomita anayokwenda. Kenya ina sababu yake ya kuvutiwa: karibu asilimia 90 ya umeme wake hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua, wakati petroli yote inanunuliwa nje kwa dola.

Mapinduzi yenyewe, hata hivyo, yako kwenye magurudumu mawili. Mwaka 2019 kampuni ya Ampersand ilianza kazi Kigali na pikipiki za umeme za kubeba abiria. Dereva hamiliki betri. Ikikaribia kuisha anaingia kituoni, betri inachomolewa, nyingine iliyojaa inapachikwa, analipia umeme alioutumia na kuondoka baada ya dakika mbili tatu. Kampuni nyingine zimefuata Kigali, Nairobi na Kampala. Shai Agassi, Mwisraeli aliyetaka kufanya hivyo kwa magari kupitia kampuni ya Better Place, alichoma mamia ya mamilioni ya dola, na kampuni ikafilisika Mei 2013. Pikipiki imefaulu kwa sababu betri yake mtu mmoja anaibeba kwa mkono, dereva wake anakwenda mbali kuliko gari la nyumbani, na kila saa asiyofanya kazi ni chakula kilichopotea. Ni hesabu ileile ya teksi za Broadway, imepata chombo kinachoifaa.

Serikali ya Rwanda imekwenda mbele zaidi. Tangu Januari 2025 haisajili tena pikipiki mpya za petroli kwa ajili ya kubeba abiria Kigali. Ethiopia, mwaka mmoja kabla, ilipiga marufuku kuingiza magari ya mafuta. Na mwaka 2024 Ampersand ilitangaza makubaliano na BYD ya kupatiwa seli za betri zake, kwa hiyo kampuni ya yule mkemia wa Shenzhen sasa iko chini ya kiti cha dereva wa Kigali. Lililobaki ni kwamba betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine, na vituo vyake navyo havikubali betri za kampuni nyingine. Dereva wa boda boda anayechagua pikipiki ya umeme leo Nairobi anachagua kwanza ramani ya vituo, kisha bei ya kubadilisha betri, na mwisho kabisa pikipiki yenyewe.